MTOTO NI WA NANI?

Wazee wetu walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hawakutaja ni nani amlee, maana kwao jambo hilo halikuwa na shaka. Mlezi ni baba, ni mama, na nyuma yao ukoo mzima. Leo shaka imeingia. Kila inapotajwa Sheria ya Mtoto katika vijiji vya milimani kama Myamba, katika Wilaya ya Same, liko swali moja ambalo aghalabu huulizwa kwa sauti ya chini, na pengine kwa hasira: ati, mtoto niliyemzaa mimi na kumlisha kwa jasho langu, akija mtu na karatasi kutoka bomani aweza kunichukulia?

Swali hili si la mjinga. Ni swali ambalo mataifa yenye mali nyingi na wataalamu wengi yamelijibu vibaya, yakaumiza watu. Twaona basi yafaa lijibiwe waziwazi, kwa sababu wengi wa wanaosoma ukurasa huu ndio mabalozi, wenyeviti wa vitongoji, waalimu na wauguzi. Wao ndio wanaogongewa mlango usiku, kabla polisi hawajajua kitu.

Tuanze na yaliyopita, hapo hapo Upareni. Huko Mbaga lipo jabali liitwalo Malameni. Wenyeji humwonyesha mgeni, nao humsimulia bila kuficha kwamba zamani watoto walioaminiwa kuwa ni wa balaa, kama vile aliyetangulia kuota meno ya juu, walipelekwa hapo wakatupwa, na kwamba desturi hiyo ilikoma katika miaka ya 1930. Hofu ya vigego haikuwa ya Wapare peke yao. Makabila mengi ya pwani na ya bara yalikuwa nayo. Wala hatuyataji haya ili kuwatukana wahenga. Twayataja kwa sababu waliomchukua mtoto hadi jabalini, kwa masimulizi hayo, hawakuwa majambazi. Walikuwa jamaa zake, walioamini kwamba wanauokoa ukoo. Hapo ndipo penye fundisho. Mtu aweza kumpenda mwanawe na bado akamtendea ubaya mkubwa, kwa hofu, kwa mila, au kwa kusukumwa na wakubwa. Mapenzi ya mzazi ni ngao kubwa, lakini ngao hiyo yaweza kutoboka.

Tulipopata uhuru, sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba zilikusanywa na kutangazwa mwaka 1963. Katika tangazo hilo, watoto waliozaliwa ndani ya ndoa ni wa baba. Maneno ni mafupi, na maana yake ni nzito: mama huzaa, lakini akiondoka huondoka mikono mitupu. Kisha ikaja Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ikaweka kipimo kingine. Mahakama inapoamua mtoto akae na nani, jambo la kwanza kabisa ni ustawi wa mtoto mwenyewe. Matakwa ya wazazi, maoni ya mtoto aliyefikia umri wa kutoa maoni yake, na mila za jamii hufuata nyuma. Sheria hiyo ilisema pia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa heri akae na mamaye, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwaka 1991 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, na mwaka 2009 Bunge likapitisha Sheria ya Mtoto, Namba 21. Ndugu zetu wa Zanzibar wanayo yao, Namba 6 ya mwaka 2011.

Ukitazama mwendo huo utaona kwamba swali lenyewe limegeuka. Zamani mahakama iliuliza: mtoto huyu ni wa nani? Sasa huuliza: mtoto huyu ahitaji nini, na ni nani aliye tayari kumpatia? Mwenye kuuliza swali la kwanza humtafuta mwenye mali. Mwenye kuuliza la pili humtafuta mlezi.

Basi Sheria ya mwaka 2009 yasema nini hasa juu ya haki ya mzazi? Wengi wameisikia kwa uvumi. Sheria yenyewe yasema kwamba mtoto, naye ni kila aliye chini ya miaka 18, ana haki ya kuishi na wazazi wake au walezi wake. Yakataza mtu yeyote kumnyima haki hiyo, isipokuwa mahakama imeamua kwamba kuishi nao kutamletea madhara makubwa, au kutamtia katika mateso, au hakumfai mtoto mwenyewe. Msomaji na aliangalie neno hilo vizuri: mahakama. Hakutajwa balozi, wala mtendaji wa kata, wala mfadhili mwenye gari jeupe. Afisa Ustawi wa Jamii hupeleka ombi. Hakimu ndiye aamuaye. Na mtoto akiondolewa, hatupwi njiani. Lazima apatiwe malezi mbadala yaliyo bora kadiri iwezekanavyo.

Tena sheria hiyo haikufuta mamlaka ya mzazi ya kumrudi mwanawe. Ilichokataza ni mateso, na adhabu iliyopita kiasi kwa kulinganisha na umri, mwili na akili ya mtoto. Mzazi amebebeshwa wajibu wa chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na maongozi. Hakuna ruhusa ya kumnyima mtoto matibabu kwa sababu ya dini au imani nyingine. Anayevunja masharti hayo aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kufungwa miezi isiyozidi 6, au vyote viwili. Hayo ndiyo mamlaka ya mzazi kwa jicho la sheria: ni amana, wala si miliki. Mwenye amana huheshimiwa mradi aitunza, na akiiharibu huulizwa.

Hata hivyo, hatutawacheka wanaoiogopa sheria hii. Wapare wana sababu ya kumwogopa mtu anayeingia nyumbani kukadiria. Wazee wanakumbuka mbiru. Mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani wakapiga kambi Same, wakiipinga kodi iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Hawakuwa wakwepaji wa kodi. Kodi ya kichwa walikuwa wakiilipa. Walichokataa ni mtu mmoja kupewa uwezo wa kumtazama mwenziwe na mifugo yake, kisha akataja kiasi kwa jinsi macho yake yalivyoona. Walijua kwamba penye makadirio pasipo kipimo, hapakosi upendeleo na kisasi. Kodi ile ikafutwa baadaye.

Hofu ya leo ni ndugu ya hofu ile. Maneno kama "ustawi wa mtoto" na "madhara makubwa" yaweza kupimwa kwa haki, na yaweza kupimwa kwa macho ya mtu tu. Nyumba ya udongo yenye chumba kimoja, watoto wanne wakilala mkeka mmoja, yaweza kuonekana na mgeni kuwa ni nyumba ya mateso, kumbe ni nyumba ya watu maskini wanaopendana. Umaskini si uovu. Mzazi aliyekosa unga hana kosa moja na mzazi aliyeuza unga akanywea pombe. Afisa asiyeweza kutofautisha hayo mawili ni hatari kwa wananchi, hata akiwa na nia njema.

Wala hofu hiyo si ya hapa tu. Tazameni mambo ya Norwe, nchi inayosifiwa ulimwenguni kwa kuwajali watoto. Mama mmoja Msomali, aliyejifungua nchini Kenya mwaka 2009 akiwa bado kijana, alifika Norwe mwaka 2010. Mwaka huo huo mtoto wake alichukuliwa akawekwa kwa walezi. Mama aliomba apelekwe kwa jamaa zake, au walau kwa nyumba ya Wasomali au ya Waislamu. Mtoto aliwekwa kwa familia ya Kikristo, na mwishowe mahakama za huko zikaruhusu familia hiyo imfanye mwana wao kabisa, kinyume cha matakwa ya mama. Tarehe 10 Desemba 2021, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, iliamua kwamba Norwe ilivunja haki ya mama huyo ya maisha ya familia, na kwamba dini na asili yake hazikupewa uzito wa kutosha. Haki ilitamkwa baada ya miaka 11. Mtoto aliyechukuliwa angali mchanga alikuwa amekwisha kuwa mvulana mkubwa. Tena hii haikuwa hukumu ya kwanza ya namna hiyo juu ya nchi ile.

Twajifunza nini? Twajifunza kwamba Serikali nayo yaweza kumpenda mtoto kwa namna inayomwumiza. Kama ukoo ulivyoweza kukosea jabalini, ofisi nayo yaweza kukosea mezani. Kwa hiyo mzazi hana budi kuwekewa mpaka, na afisa vile vile hana budi kuwekewa mpaka.

Lakini msomaji asikomee hapo. Wapo watu wanaofurahi kusikia habari za Norwe, kwa kuwa wamepata kisingizio cha kunyamaza. Hao nao tuna neno nao.

Uchunguzi uliofanywa nchini mwetu mwaka 2009, matokeo yakatangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10 walitendewa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18, na kwa wavulana ni kama 1 katika kila 7. Karibu robo tatu ya wote walipata kupigwa ngumi, mateke au viboko vya kuumiza. Hesabu hizo si za Norwe. Ni za nyumba zetu, na aghalabu mtendaji ni mtu anayejulikana kwa mtoto: jamaa, jirani, mwalimu. Tukisema kwamba jambo la nyumbani liishie nyumbani, tunamfungia mtoto chumba kimoja na adui yake, kisha tunamkabidhi adui ufunguo.

Kila mahali twaijua desturi ya kumalizana kifamilia. Binti wa miaka 13 ameharibiwa. Wazee wanakutana. Inatozwa faini ya mbuzi au ya fedha, baba anapokea, watu wanapeana mikono, na binti hakuulizwa neno. Wapare husemwa kwa mzaha kwamba wapenda kesi hata mtu akauza ng'ombe ili ashtakie kuku. Laiti ushupavu huo ungeonekana pale anapodhulumiwa mtoto! Kesi ya mpaka wa shamba hufika hadi Rufani. Kesi ya binti huishia kwenye supu. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30 kwa anayembaka msichana wa chini ya miaka 18, na kifungo cha maisha iwapo msichana hajafikia miaka 10. Hakuna kikao cha wazee chenye uwezo wa kubadili kosa hilo kuwa mbuzi. Balozi anayekaa katika kikao kama hicho akidhani anapatanisha, ajue kwamba anaficha jinai.

Sheria ya Mtoto imempa kila mwanajamii wajibu. Mwenye habari kwamba haki ya mtoto inavunjwa, au mzazi mwenye uwezo hatoi matunzo, sharti aiarifu serikali ya mtaa wa mahali pale. Afisa Ustawi wa Jamii akipata habari humwita anayelaumiwa, wakazungumza. Shauri huanza kwa mazungumzo, wala haliendi moja kwa moja kortini. Akikaidi, ndipo hupelekwa mbele ya mahakama. Nayo mahakama yaweza kuamuru mtoto abaki kwao chini ya usimamizi wa afisa, au, ikiwa hatari ni kubwa, aondolewe na kuwekwa chini ya matunzo mengine. Kumwondoa ni ngazi ya mwisho.

Tuweke mfano wa kubuni, usio wa mtu yeyote. Myamba yuko bibi mmoja anayelea mjukuu wake wa kike wa miaka 12. Baba yuko Tanga kwenye mkonge. Mama ameolewa kwingine. Bibi analima tangawizi kidogo, na mtoto yuko darasa la sita. Siku moja anakuja amu yake mtoto, na nauli mkononi, asema amempatia kazi ya kulea mtoto wa watu Dar es Salaam. Mshahara utatumwa nyumbani. Bibi hataki, lakini aambiwa: "Mama, mtoto huyu ni wa ukoo wetu." Anyamaze?

Kwa desturi ya zamani bibi hana la kusema. Kwa sheria ya leo analo. Umri wa chini wa kazi ni miaka 14, tena iwe kazi nyepesi isiyomzuia mtoto kuhudhuria shule. Na ni marufuku kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Yaya wa miaka 12 anayelala na kitoto cha watu amekwisha kuvunjiwa masharti hayo yote. Basi bibi akienda kwa balozi, balozi akamfikisha kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji, na habari ikamfikia Afisa Ustawi wa Jamii, amu huyo ataitwa ajieleze. Baba wa Tanga naye ataulizwa matunzo yako wapi. Hakuna atakayemwondoa mtoto kwa bibi yake. Sheria ile ile inayosemwa kuwa inanyang'anya watoto ndiyo itakayomsimamisha bibi maskini mbele ya mwenye nauli.

Lakini hapo pana sharti: habari imfikie afisa, na afisa awepo. Hapo ndipo tunapogota. Upungufu wa maafisa ustawi wa jamii katika kata ni jambo ambalo Serikali yenyewe imelikiri mara nyingi. Mwenye shida milimani sharti ashuke bondeni hadi Same, apande gari kwa nauli ambayo hana, na njia wakati wa masika ni utelezi mtupu. Ipo simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, isiyotozwa fedha. Yapo madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi. Na Mpango wa Taifa wa kutokomeza ukatili, ujulikanao kama MTAKUWWA, ulioanza mwaka 2017, uliagiza kamati za ulinzi wa wanawake na watoto toka taifa hadi kijiji. Vyote ni vyema. Lakini kamati isiyokutana ni jina tu, na sheria isiyo na mtu wa kuitekeleza huzaa mabaya mawili kwa pamoja: mwovu haogopi, na mwema anaishi kwa wasiwasi.

Basi twashauri mambo manne.

La kwanza, kila halmashauri inapopanga bajeti, afisa wa ustawi katika kata na nauli yake ya kuwafikia watu vihesabiwe kama zinavyohesabiwa zahanati na madarasa. Afisa anayesubiri ofisini hawezi kujua tofauti ya umaskini na uovu. Tofauti hiyo huonekana kwa kufika nyumbani, na kufika zaidi ya mara moja.

La pili, mtoto asitolewe kwao kwa sababu ya umaskini pekee. Kaya iliyokosa chakula isaidiwe kwanza, na mpango wa kunusuru kaya maskini unaoendeshwa na TASAF uwe mlango wa mwanzo. Makao ya watoto ni kimbilio la asiye na pengine pa kwenda. Na mtoto akilazimika kuondolewa, atafutiwe kwanza jamaa wa damu, mtu wa lugha yake na dini yake, asije akayapata ya yule mtoto wa Norwe.

La tatu, mabalozi na wazee wa koo wafundishwe mpaka wa kazi yao. Kugombana kwa wazazi juu ya ada au nguo, kijana mtoro, mama mkwe na mkaza mwana, hayo wapatanishe. Ndiyo kazi yao, na wanaifanya vizuri kuliko korti. Kubakwa, kujeruhiwa, kuozwa mwanafunzi, hayo wayapeleke panapohusika siku hiyo hiyo.

La nne, Bunge limalize kazi lililoanza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwezi Oktoba 2019, zilisema kifungu hicho ni kinyume cha Katiba, na Bunge likapewa mwaka mmoja kukirekebisha. Mwaka huo ulipita bila marekebisho. Nchi haiwezi kumwambia mzazi kwa mdomo mmoja kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kwa mdomo mwingine kwamba aweza kumwoza akiwa na 15.

Turudi kwa swali la Myamba. Waliosoma shule za misheni wanakumbuka kisa cha wanawake wawili mbele ya Mfalme Sulemani, na upanga uliotaka kumgawa mtoto. Sulemani hakuuliza hati wala ukoo. Alitazama ni nani aliyekuwa tayari kupoteza haki yake ili mtoto aishi, akamkabidhi huyo. Kipimo hicho kinamfaa baba, kinaufaa ukoo, na kinamfaa afisa mwenye karatasi kutoka bomani. Kila mmoja wao anapomshika mtoto mkono, na ajiulize kama anamshika kwa ajili ya mtoto au kwa ajili ya nafsi yake.

Na wewe ndugu balozi, mlango ukigongwa usiku, fungua. Kesho asubuhi shuka naye Same.